UZI: Wafuasi wengi, tiketi hazitoki. Tuongee kazi ya uchekeshaji wa jukwaani zama hizi za simu

Mleta uzi, Dar es Salaam

Wakuu, salaam.

Vijana wengi wanauliza humu namna ya kuanza uchekeshaji, na majibu wanayopewa ni yale yale: fungua akaunti ya TikTok, posti kila siku, utatoka. Mimi naandaa shoo ndogo za vichekesho hapa mjini, na swali linaloninyima usingizi ni moja tu: nikimtangaza fulani, watu watanunua tiketi? Ndiyo maana nawatazama hawa vijana kwa jicho la mtu anayelipia ukumbi.

Ninachokiona ni hiki. Wanaokufuata kwenye simu na wanaolipa kiingilio ni makundi mawili tofauti. Yupo kijana wa wafuasi laki tatu asiyejaza viti sitini, na yupo mwingine wa wafuasi elfu kumi na tano ambaye tiketi zake zinaisha kabla ya Ijumaa. Kazi ya mchekeshaji wa leo ni kuwatoa watu kwenye simu na kuwaleta kitini, na kazi hiyo hakuna anayewafundisha.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Sisi Tanzania tumelelewa na vichekesho vya kuigiza. Mzee Majuto, Mungu amrehemu, aliyetutoka Agosti 2018, alichekesha akiwa ndani ya kisa chenye mke, mpangaji na mtoto mkorofi. Ze Comedy pale EATV, waliohamia TBC1 na kuitwa Orijino Komedi, walikuwa kundi: Joti, Masanja, Mpoki, Wakuvanga, Vengu, Mac Regan, kila mmoja na mhusika wake na mavazi yake. Shule hiyo ndiyo imezaa vichekesho vyetu vya Instagram na YouTube: kanga, wigi, kamera, ugomvi wa dakika tatu, panchi (lile neno la kuchekesha linalofunga kisa) mwishoni. Ni shule nzuri na naiheshimu sana.

Jukwaani mambo yanageuka. Upo peke yako na maiki. Hakuna wa kukupokea neno likianguka, hakuna wa kukata video pale ulipochemka, na aliyelipa shilingi elfu kumi amekaa mita mbili mbele yako akisubiri. Ustadi unaohitajika hapo ni wa kusikiliza ukumbi: kicheko kimefika wapi, kinashuka lini, neno linalofuata liingie sekunde gani. Huwezi kuujifunza mbele ya simu, kwa sababu simu haicheki wala hainuni.

Wenzetu Kenya walipata daraja mapema. Kundi la Redykyulass lilizoesha watu kumcheka hata Rais Moi kwenye televisheni. Akaja Daniel Ndambuki, Churchill, na kipindi ambacho mtu mmoja anapanda jukwaani mbele ya watu waliokaa vitini, na nchi nzima inatazama. Eric Omondi, Mammito, Eddie Butita, Chipukeezy, Profesa Hamo, wote walipitia pale. Miaka yote hiyo Mkenya wa kawaida alikuwa anafundishwa kuwa hadhira: kukaa, kumsikiliza mtu mmoja, kusubiri kisa kikamilike. Hapa kwetu hadhira ya namna hiyo imejengwa ukumbi kwa ukumbi, na kina Evans Bukuku kwanza, halafu Cheka Tu ya Coy Mzungu iliyowapa jukwaa kina Leonardo na Eliud. Nawapa heshima yao, maana walianza watu wakiwa hawajui kwa nini walipie kusikiliza stori.

Sasa jambo lenyewe lililonifanya nishushe uzi huu: kuchoma vichekesho.

Wimbo mtu akiusikia mara mia anaupenda zaidi, na anakuja ukumbini ili auimbe na wewe. Kichekesho hakina bahati hiyo. Kinaishi kwa mshtuko, na mshtuko ukishajulikana umeisha. Kijana anahangaika miezi mingi kupata dakika kumi zinazochekesha kweli, anazirekodi, anaziposti zote wiki moja ili "asambae". Zinasambaa. Mwezi unaofuata anapanda jukwaani kwangu na dakika zile zile, na watu wa meza ya mbele wanamalizia panchi kabla yake. Nimeona hili likimvunja moyo mtu mwenye kipaji kikubwa mpaka akarudi kuuza vifaa vya simu.

Naomba tujadili kwa utulivu.

Mchangiaji, Nairobi

Asante kwa hii mada, mkubwa. Hilo la kuchoma materiali sisi tulilijua tangu enzi za TV. Ukishapiga kichekesho chako kwa Churchill Show, kesho yake kila mtu kwa matatu anakisema. Ukialikwa kwa shoo ya kampuni wiki hiyo hiyo, hauna kitu. Ilibidi mtu aandike kila wakati, na wale walioweza kuandika ndio bado wako. Wenye walikuwa na sauti moja ya kuiga kabila fulani walipotea.

Angalieni Njugush. Alianza kujulikana kwa uigizaji, akaingia kwa video fupi na mke wake, watu wakaizoea hiyo nyumba yao. Halafu akafungua shoo ya ukumbini, *Through Thick and Thin*, watu wakalipa. Video ilikuwa inafanya kazi ya kujuana. Ukumbini ukapewa kitu kingine, kirefu, hakiko kwa simu. Hiyo ndiyo njia.

Mleta uzi

Umenisemea vizuri, kaka. Kujuana. Hilo ndilo neno nililokuwa nalitafuta.

Wamarekani nao walikutana na tatizo hili na wakapata ujanja wake. Ukitazama klipu nyingi za wachekeshaji wao wa sasa, utaona mchekeshaji anazungumza na mtu wa mstari wa mbele: unafanya kazi gani, huyo uliyekuja naye ni nani. Matt Rife alisambaa TikTok mwaka 2022 kwa klipu za namna hiyo, na mwaka uliofuata akazunguka dunia na shoo yake. Mazungumzo yale yanatokea usiku ule tu na hayarudiwi, kwa hiyo hata watu milioni kumi wakiyaona hakuna kilichochomwa. Mtazamaji anaonja wepesi wako wa akili, na saa yako nzima ya vichekesho vilivyoandikwa inabaki salama kwa anayenunua tiketi.

Jambo hili linatufaa sisi kuliko hata wao. Sisi tuna utani. Mzaramo na Mnyamwezi hawahitaji kutambulishwa ili waanze kutaniana, na shabiki wa Simba akikaa karibu na wa Yanga nusu ya kazi imeshafanyika. Ukumbi wa Dar ukiulizwa "wewe unatoka wapi?" unajibu kwa furaha. Ila utani una adabu yake: mtani anajua mpaka uko wapi. Usimguse mtu ulemavu wake, wala msiba wake, wala umaskini wake mbele ya mchumba wake. Na ukitaka kuposti klipu yenye sura ya mtu, mfuate baada ya shoo umwombe ruhusa. Wengi wanakubali, na huyo uliyemwomba ndiye atakayeisambaza wa kwanza.

Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, mimi sikubaliani na wewe. Hizo kumbi ziko Masaki. Sisi wa mikoani mtandao ndiyo jukwaa letu. Elsa Majimbo wa Kenya alipanda ukumbi gani? Mwaka 2020 watu wamefungiwa ndani, yeye na simu yake, miwani midogo na pakiti ya krispi, dunia nzima ikamjua. Na pesa ya YouTube ipo. Kwa nini mtu ahangaike na viti?

Mleta uzi

Mkuu, hoja yako ina uzito na sitaikwepa. Elsa Majimbo alifanya jambo kubwa, tena akiwa binti mdogo sana. Lakini tazama alichokijenga: haiba ya mtandaoni iliyomfungulia milango ya mitindo na matangazo, kwa Kiingereza, kwa hadhira iliyotapakaa duniani. Ni kazi halali, nami nampongeza. Mtu akiitaka hiyo, ushauri wangu wa viti haumhusu. Uzi huu ni wa anayetaka kusimama jukwaani.

Kuhusu pesa ya YouTube, tuiweke wazi. Ili uanze kupata mgao kamili wa matangazo unahitaji watu 1,000 waliojiunga na chaneli yako, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Kwenye video ndefu unapata asilimia 55 ya pesa ya tangazo. Kwenye fupi ni asilimia 45 ya fungu linalogawiwa waundaji. Malipo hayatoki mpaka ufikishe dola 100. Ukiwa Kenya, tangu mwaka 2023 kuna kodi ya asilimia 5 inayokatwa kwenye mapato ya maudhui ya mtandaoni.

Halafu kuna jambo ambalo vijana hawaambiwi: mtangazaji wa biashara analipa kulingana na mtazamaji alipo. Mtazamaji wa Marekani ana bei kubwa kuliko wa Kahama, kwa sababu kampuni zinazogombania macho ya yule ni nyingi na zina fedha. Kichekesho cha foleni ya Luku au cha mjumbe wa nyumba kumi hakitazamwi Ohio, isipokuwa na Mtanzania aliye huko. Kwa hiyo mitazamo laki moja ya kwetu na laki moja ya kwao hazilipi sawa hata kidogo.

Sasa weka mezani hesabu ya mfano. Watu 120 kwa shilingi 10,000 ni shilingi 1,200,000 usiku mmoja. Toa ukumbi, toa mitambo ya sauti, walipe wenzako wawili waliofungua shoo, kinachobaki ni chako wiki hiyo hiyo, na husubiri mashine ya nchi nyingine ikutumie. Tena kwenye watu 120 yupo anayetafuta mshereheshaji wa send-off ya dada yake, yupo meneja anayepanga sherehe ya wafanyakazi ya mwisho wa mwaka. Wachekeshaji wengi ninaowafahamu wanalipa kodi ya nyumba kwa kazi hizo mbili, na zote zinaanzia kwa mtu aliyekuona ana kwa ana ukiumudu ukumbi.

Mchangiaji, Arusha

Mimi ni dada na ninapanda jukwaani, naomba niongeze la upande wetu.

Mtandaoni mwanamke akichekesha, maoni mengi chini ya video ni ya mwili wake, ndoa yake na wazazi wake. Kichekesho chenyewe hakizungumzwi. Nimewahi kufuta video nzuri kwa sababu ya hayo. Ukumbini ni tofauti kabisa. Watu wamelipa, wamekuja wacheke, na dakika mbili za kwanza zikikaa vizuri hakuna anayekumbuka umevaa nini. Anne Kansiime wa Uganda alinipa ujasiri, kwa sababu mwanamke yule kwenye video zake haombi radhi. Anadai haki yake ya ajabu ajabu huku amekaza uso. Nilipomtazama nilijifunza kwamba naweza kuwa mkali jukwaani bila kujichekesha mwenyewe.

Kwa wadogo zangu wanaoanza: nendeni na mwenzenu ukumbini, na makubaliano ya malipo yaandikwe hata kwa ujumbe wa WhatsApp kabla ya siku. "Tutakuona baada ya shoo" siyo malipo.

Mleta uzi

Dada, ahsante sana. Waandaaji wenzangu wasome hilo mara mbili.

Mchangiaji, Dodoma

Na usalama je? Mtu akimchekesha mkubwa?

Mleta uzi

Swali zito. Idris Sultan, ambaye sote tunamjua tangu aliposhinda Big Brother Africa mwaka 2014, alitakiwa kuripoti polisi mwaka 2019 kwa picha ya kubadilishana sura na Rais Magufuli. Mwaka 2020 alikamatwa tena baada ya video akiicheka picha ya zamani ya rais, akafikishwa mahakamani kwa mashtaka ya kutumia laini ya simu isiyosajiliwa kwa jina lake. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizoanza mwaka 2018 na kubadilishwa zaidi ya mara moja. Kabla ya kufungua chaneli ya biashara, nenda TCRA (mamlaka ya mawasiliano) uulize kinachotakiwa kwa sasa, jisajili BASATA (baraza la sanaa), na kwa shoo pata kibali kupitia ofisi ya utamaduni ya halmashauri yako.

Mimi naamini kumcheka mwenye mamlaka ni haki ya raia, na ni moja ya kazi kongwe za mchekeshaji. Ila nawaambia vijana ukweli: ukumbini, watu wanasikia maneno yako yote pamoja na sauti na uso. Kwenye klipu ya sekunde ishirini kinabaki kipande, na anayekitazama anaweza kuwa mtu ambaye hukumlenga kabisa. Kichekesho kinachohitaji dakika nne za maelezo kiache kiishi ukumbini.

Mchangiaji, Muscat

Ndugu zangu, huku tunawafuatilia sana. Tatizo letu ni kwamba mchekeshaji akitangaza shoo tunaona tangazo siku tatu baada ya shoo kwisha. Halafu video nyingi sauti mbovu, kicheko cha watu hakisikiki, unadhani hakuna aliyecheka.

Mleta uzi

Kaka, umegusa mambo mawili yaliyo mazito.

La kwanza, tangazo. Mtandao unaamua wenyewe nani aione posti yako na lini. Ukiwa na wafuasi elfu hamsini, siku ya kuuza tiketi posti yako inaweza kuwafikia wachache tu, na hao wawe wa Nakuru wakati shoo iko Sinza. Kwa hiyo kusanya namba za simu. Kila shoo, zungusha karatasi au weka msimbo wa kuskani mezani: jina, mji, namba ya WhatsApp, kwa hiari yao. Usiwatumie takataka kila asubuhi. Watumie taarifa ya shoo wiki mbili kabla, pamoja na namba ya malipo ya kununulia tiketi kwa simu hapo hapo. Watu mia nne uliowapata kwa njia hiyo, wanaokaa mji mmoja na waliokwisha kukulipa mara moja, wana thamani kwangu kuliko wafuasi laki.

Mchekeshaji Louis C.K. wa Marekani naye aliwafikia watu wake moja kwa moja mwishoni mwa mwaka 2011. Alirekodi shoo yake kwa gharama zake, akaiuza kwenye tovuti yake kwa dola 5 bila kituo cha televisheni katikati, na ndani ya siku 12 mauzo yalivuka dola milioni moja. (Aliyokuja kukiri kuwafanyia wanawake mwaka 2017 ni mabaya na simtetei. Nazungumzia njia ya mauzo.) Iliwezekana kwa sababu alikuwa ameshatumia miaka mingi kwenye kumbi akijenga watu wanaomwamini.

La pili, sauti. Kicheko cha ukumbi ni nusu ya video ya jukwaani. Maiki ya mchekeshaji ikiingia peke yake kwenye rekodi, anaonekana kama mtu anayejisemesha. Weka simu ya pili au kinasa sauti kikielekea kwa watu, halafu uchanganye baadaye. Na andika maneno chini ya video, kwa sababu wengi wanatazama ndani ya daladala wakiwa wamezima sauti.

Rekodi pia ile ambayo huiposti. Kila ukishuka jukwaani, sikiliza sauti yako usiku huo huo na uweke alama kwenye daftari: hapa walicheka, hapa walitabasamu, hapa walishika simu. Neno lililo baada ya panchi likate, kwa sababu linakula kicheko chako mwenyewe. Anayefanya hivi namtambua akipanda mara ya tatu tu. Kisa kile kile kilichokuwa dakika tano kimekuwa tatu, na vicheko vimeongezeka.

Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, nimekuelewa kiasi. Sasa mimi niliyeko huku, sina Cheka Tu wala nini, naanzaje? Nipe hatua za kweli.

Mleta uzi

Tafuta baa au mgahawa ambao Jumanne unakuwa mtupu. Mwenye baa hana cha kupoteza siku hiyo. Kubalianeni kwamba yeye anauza vinywaji na chakula, wewe unachukua pesa ya mlangoni. Kiingilio kiwe kidogo, elfu tatu au tano, ila kisiwe bure, kwa sababu aliyeingia bure anaongea na simu wakati unazungumza. Panga viti arobaini hata kama vipo mia, na uviweke karibu karibu mbele kabisa. Watu wakikaa mbalimbali kicheko kinakufa njiani. Zima televisheni. Hili jadiliana na mwenye baa mapema, maana wapo wanaokataa.

Tafuta wenzako watatu, mmoja awe anaongoza shoo. Kila mmoja apewe dakika saba tu, na zikiisha ashuke hata kama anachekesha. Fanyeni kila wiki mbili mahali pale pale na siku ile ile, ili watu wajue bila kukumbushwa. Miezi ya mwanzo watakuja ndugu na marafiki, na hilo ni sawa. Siku utakapowaona watu kumi usiowajua, wafuate mlangoni mmoja mmoja uwaulize wamewasikia wapi, na jibu lao ndilo likuambie klipu ya namna gani uendelee kuposti.

Na kabla hujatangaza tarehe yoyote, fungua ratiba ya ligi. Usipange shoo siku Yanga au Simba anacheza.